Salamu za Ndugu Yangu

Nalikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 31 katika nchi hii kavu ya Ugogo, nami nimewafundisha watoto wengi kusoma, kuhesabu, na kuamkia wakubwa. Sikudhani hata siku moja ya kuwa nitaketi chini ya mkwaju nijifunze upya jinsi mtu anavyofundishwa kuamkia, tena mwanafunzi awe ndugu yangu wa tumbo moja, mtu mzima mwenye ndevu. Nawaandikia habari hiyo kwa kuwa najua ya kwamba baadhi ya nyumba zenu zina mtu kama yeye, naye hufichwa chumba cha nyuma wageni wajapo.

Ndugu yangu huyo ndiye mdogo wangu wa kiume, wala sina mwingine. Mwaka 1999, alipokuwa na umri wa miaka 20, akisoma mbali na nyumbani, alianza kuwa hawezi. Kwanza alijitenga na wenzake. Kisha akasema ya kuwa majirani wanayasikia mawazo yake kabla hajayanena, na usiku akawa akijibizana na watu ambao sisi hatukuwaona. Shule ikamrudisha kwa barua ya mistari miwili. Tukafanya kama wafanyavyo wengi. Tulimpeleka kwa mganga tukatoa mbuzi wawili. Tukamwombea na kufunga. Na siku moja wazee wa ukoo wakamfunga kamba mikononi, jambo ambalo hata leo sipendi kulikumbuka, maana mimi ndimi niliyeileta ile kamba. Miezi minane ikapita hivyo, ndipo tukampeleka Mirembe.

Hospitali hiyo ya Mirembe, hapa Dodoma, ilijengwa katika miaka ya 1920, wakati wa serikali ya Waingereza. Kabla yake wamisheni Wajerumani walikuwa na nyumba ya wagonjwa wa namna hiyo huko Lutindi, katika milima ya Usambara. Mnajua jinsi watu walivyoligeuza jina la Mirembe kuwa tusi: mtoto akimkasirikia mwenziwe humwambia ni wa Mirembe, na watu wazima nao hucheka. Nami nimelicheka kabla ya mwaka ule. Waganda wakilisikia neno hilo, katika lugha yao maana yake ni amani.

Ugonjwa wenyewe waganga huuita skizofrenia. Jina hilo lilitolewa mwaka 1908 na Eugen Bleuler, mganga wa Uswisi, lakini ugonjwa si wa Wazungu tu; Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 ya kuwa humshika kama mtu 1 katika kila watu 300 duniani, na mara nyingi huanza katika ujana, mtu anapoanza kusimama kwa miguu yake. Haumtoki mtu kwa kukemewa, wala hautokani na malezi mabaya ya mama, kama wengine walivyotuambia. Dawa za kutuliza sauti zilianza kutumika huko Paris mwaka 1952, na zilizofuata baadaye ndizo zilizomtuliza ndugu yangu. Baada ya wiki kadha akalala usiku kucha. Baada ya miezi mitatu tukaja naye nyumbani, nasi tukachinja kuku, tukidhani habari imekwisha.

Kumbe haijaisha. Sauti zilipungua, lakini mtu tuliyerudi naye hakuwa yule tuliyempeleka. Aliketi ukutani tangu asubuhi hata jioni. Ukimwuliza neno, jibu lilikuja likiwa limechelewa, au halikuja. Uso wake ulikuwa mkavu kama ubao, asicheke penye kicheko, tena akacheka pasipo na neno. Sehemu ya ukavu ule ilitokana na ugonjwa, na sehemu ilitokana na dawa, maana dawa za namna ile huweza kukaza misuli na kutetemesha mikono. (Jambo hilo mganga huweza kulitengeneza kwa kupunguza au kubadili dawa, sisi hatukujua, wala hatukuuliza, tukangoja miaka miwili bure.) Tena, na hili ndilo lililotuumiza zaidi, alipita mbele ya wazee bila kuwaamkia.

Wasomaji wa mbali wataona ni jambo dogo. Lakini kwetu salamu si neno moja. Ukishasema mbukwenyi, waulizwa habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe na za mvua, nawe wauliza vivyo hivyo, hata mtu aliyekuwa na haraka asahau haraka yake. Kijiji chetu kiliweza kuvumilia mtu asikiaye sauti. Tunao wazee waliosikia mengi. Hakikuweza kumvumilia mtu apitaye kimya. Ndipo watu wakasema, "Huyu hajapona." Watoto wakamfuata nyuma wakiimba. Katika kanisa moja mzee wa zamu alimwonyesha kwa kidole akae nje karibu na baiskeli, naye akaenda akakaa huko, nami nikabaki ndani nikiimba. Miaka mingi ikapita hivyo. Mimi nilimwekea maji, nikamfulia, nikamjibia. Nalidhani huo ndio upendo.

Mwaka 2015 katika kliniki alikopewa sindano yake ya kila mwezi alikuja muuguzi mmoja, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Siku za sindano, badala ya kuwaacha wagonjwa wakae kwenye mabenchi wakitazama sakafu, aliwakusanya watu sita au saba chini ya mkwaju, na jamaa zao pamoja nao. Siku ya kwanza nilipomsikia akisema, "Leo tutajifunza kuamkia," nalikasirika. Nilisema moyoni, "Ndugu yangu alikuwa wa tatu darasani, na leo anafundishwa kama mtoto wa chekechea."

Lakini ngojeni niwaeleze alivyofanya, maana walimu mtaona kitu humo. Kwanza hakufundisha, aliuliza, "Kuamkia kuna faida gani kwako?" Kila mtu akajibu kwa namna yake, na ndugu yangu, ambaye hakuwa amesema neno mbele ya watu kwa muda mrefu, akasema, "Watoto wataacha kuniimbia." Kisha yule muuguzi akaikata salamu vipande vinne, kama mtu akatavyo mkate: simama hatua mbili kutoka kwa mtu, mtazame usoni, sema salamu kwa sauti ya kusikika, ngoja jibu. Akafanya yeye mwenyewe pamoja na msaidizi wake, sisi tukitazama. Akamwita mgonjwa mmoja, naye akafanya. Alipomaliza, kila aliyekuwapo alitakiwa kutaja jambo moja alilolifanya vema, na liwe la kweli. Hakukubali tuseme "vizuri sana" tu. Ilitupasa kusema, "Sauti yako imefika mpaka kwangu," au, "Umengoja jibu langu." Baada ya sifa akatoa sahihisho moja tu, si mawili, akamwambia arudie. Mwisho akawapa kazi ya nyumbani: kila mmoja awaamkie watu watatu kabla ya sindano ijayo, aje atueleze.

Nikaona ya kuwa nalifundishwa jambo lile lile chuoni nilipokuwa kijana: onyesha, mwache ajaribu, msifu kwa haki, msahihishe, arudie. Tofauti ni kwamba sisi tulilitumia kwa hesabu na mwandiko, tukidhani mambo ya kuishi na watu huja yenyewe. Kwa wengi wetu huja hivyo. Kwa mtu ambaye ugonjwa ulimshika akiwa na miaka 20, ukamtenga na wenzake katika miaka ile hasa ambayo vijana hujifunza kubishana, kuposa, kukataa na kuomba radhi, hayaji.

Mafundisho hayo hayakuanzia kwetu. Robert Liberman na wenzake huko Kalifonia waliyatengeneza tangu miaka ya 1970, na mwaka 1997 Alan Bellack, Kim Mueser na wenzao walitoa kitabu cha kuwaongoza wafundishaji hatua kwa hatua. Nimependa kwamba muuguzi wetu hakukifuata kitabu kama kasuku. Huko husemwa umtazame mtu machoni; lakini kwetu kijana amkaziaye mzee macho huonekana hana adabu. Basi yeye akawaambia, "Mtazame usoni upesi ajue unamsemesha yeye, kisha inamisha macho kidogo." Na hatua mbili alizipima kwa miguu yake juu ya mchanga, maana ndugu yangu alikuwa na desturi ya kusimama karibu mno na mtu, hata pumzi zao zikakutana.

Siku ya tatu au ya nne akaniita mimi niigize mwenye duka. Ndugu yangu alipaswa kununua sabuni na chumvi. Tulipomaliza, muuguzi alinitazama akacheka kidogo, akasema, "Mwalimu, umemjibia mara tatu." Nikakana. Wote waliokuwa pale, hata yule mzee asiyesema kamwe, wakatikisa vichwa kunionyesha ya kuwa ni kweli. Alipositasita kutafuta neno, mimi nilikuwa nimekwisha kulisema. Nilihesabu usiku ule nyumbani: kwa miaka 16 sikumpa nafasi ya kumaliza sentensi. Muuguzi alinifundisha kuhesabu moyoni mpaka kumi kabla ya kufungua kinywa. Jaribuni, ninyi mlio na ndimi za ualimu. Kumi ni mbali sana.

Akanieleza pia jambo ambalo sikulijua. Huko London, tangu miaka ya 1950, George Brown na wenzake waliwafuata wagonjwa waliotoka hospitali kurudi makwao. Wakaona ya kuwa waliorudi katika nyumba zenye kukemewa sana, au zenye jamaa aliyejitia mno katika kila tendo la mgonjwa, waliangukia ugonjwa tena kuliko wale waliorudi penye utulivu. Nikamwambia, "Mimi simkemei." Akanijibu, "Sikusema habari za kukemea peke yake." Katika miaka hii ya karibuni Dar es Salaam na Mbeya yamejaribiwa mafundisho ya mgonjwa na jamaa yake kuketi pamoja, yaitwayo KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima. Na zamani zaidi, nchi yetu ilikuwa na vijiji vya wagonjwa walimolima na kufuga, kama kile cha Hombolo kilicho chini ya Mirembe. Basi mawazo haya si mageni Dodoma, ila kwetu nyumbani yalikuwa mageni.

Kazi ya dukani ikawa kweli. Tulimpa shilingi 2,000 akanunue vitu vya 1,500. Mwenye duka, akimjua ni nani, akamrudishia 200. Ndugu yangu akarudi kimya, akaweka fedha mezani. Nikafunga kitambaa kichwani niende nikagombane, naye akasema, "Dada, usiende." Tukalipeleka kwa muuguzi. Tukaigiza mara tano, mimi nikiwa mwenye duka mbaya, na kila mara nikizidi ubaya, mpaka wenzake wakacheka nao. Wiki iliyofuata akaenda tena, yule mtu akafanya vile vile. Ndugu yangu akasimama hatua mbili, akasema, "Baki yangu haijatimia. Naomba uhesabu tena." Mwenye duka akahesabu tena, akaitimiza. Fedha ile niliiweka siku nzima mezani bila kuitumia.

Wasomaji wasidhani ya kuwa mafundisho haya ni dawa ya sauti. Mwaka 2017 ndugu yangu alisema amepona, nami, kwa kuchoka na nauli, nikakubali akose sindano miezi mitatu. Akaanguka vibaya. Tulianza tena karibu na mwanzo, ingawa salamu zilirudi upesi kuliko zamani. Tena kinachofundishwa chini ya mkwaju hakitembei chenyewe hadi nyumbani. Mtu huweza kuamkia vema kliniki na kupita kimya sokoni. Ndiyo maana ya ile kazi ya nyumbani, na ndiyo maana ya jamaa kuwapo.

Sasa niwaeleze lililotupata mwaka 2022. Binti yangu aliposwa. Kwa desturi ya Wagogo mjomba ana mahali pake katika habari za mahari, na katika ng'ombe wake liko fungu la mjomba. Mjomba wa binti yangu ni yeye peke yake. Ndugu za mume wangu wakakaa wakasema, "Tumweke binamu. Wakwe wakimwona huyu watasema ugonjwa uko katika damu, wataondoka." Siwalaumu sana, hofu hiyo hata mimi nilikuwa nayo, na ni kweli ya kuwa ugonjwa huu mara nyingine hufuata ukoo, ingawa wengi walio na ndugu mgonjwa hawaupati. Mume wangu alinyamaza. Ndipo binti yangu akasema, "Mjomba asipokaa, na mahari isihesabiwe."

Tulimwuliza mwenyewe. Nikahesabu kumi, nikafika kumi, nikaanza tena. Akasema, "Nitakaa. Lakini nifundishwe."

Tulikuwa na wiki saba. Muuguzi akauliza hofu yake ni nini hasa. Hakuogopa salamu. Aliogopa mambo mawili: sauti zikimjia katikati ya maneno ya wakwe, na kicheko chake kisicho na sababu. Basi tukafanya mazoezi ya hayo. Kwa la kwanza, akajifunza kusema, "Naomba ruhusa, nitoke nje kidogo," na kutoka bila kukimbia. La pili lilikuwa gumu. Kicheko hakizuiliki kwa amri. Muuguzi akasema, "Basi tusifundishe kukizuia, tufundishe neno la kusema baada yake." Kila jioni, baada ya ugali na mlenda, mume wangu alikuwa mshenga, mimi mama mkwe, na watoto wa jirani, wale wale waliomwimbia, wakawa ng'ombe. Ndiyo jioni iliyowapendeza kuliko zote.

Siku ikafika. Wakwe walikuja watu saba. Ndugu yangu alikuwa amevaa koti la mume wangu lililompwaya mabegani. Akawaamkia mmoja mmoja, akauliza habari za nyumbani, akasahau za ng'ombe, akazikumbuka, akarudi kwa mzee wa kwanza kumwuliza. Watu wakaona ni heshima. Maneno yakaenda vema mpaka hesabu ya mahari ilipotajwa. Hapo akacheka, kwa nguvu. Nyumba ikawa kimya. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na wanawake, nimeushika mkono wa dada wa mume wangu hata akalalamika. Nikahesabu. Kwenye sita nikamsikia akisema, "Niwieni radhi. Nimecheka jambo langu. Si maneno yenu." Mshenga akasema, "Hapana neno." Wakaendelea. Baadaye kidogo akaomba ruhusa akatoka nje, na mzee mmoja wa upande wa wakwe akainuka naye. Walikawia. Nilipochungulia niliwaona wako penye zizi, wamesimama hatua mbili mbali, mzee akimwonyesha kwa fimbo ng'ombe mmoja mwenye pembe iliyovunjika.

Kuhusu damu na ukoo, wale watu waliuliza siku nyingine, nasi tukawaeleza ukweli. Jamaa mmoja wa kwao alikuwa na maneno, akayasema, akaisha. Arusi ilifanyika baada ya mavuno ya uwele.

Fungu la mjomba lilikuwa mtamba mwekundu. Amezaa mara moja, na ndugu yangu huuza maziwa kwa nyumba nne. Sauti zingali zikimjia, husema ni kama redio ya jirani. Siku nyingine hakai na mtu yeyote, nasi tunamwacha. Ninapoandika haya ni Jumamosi, naye ametoka tangu asubuhi kwenda mnadani kuuza ndama, peke yake. Alinikataza kumfuata. Jua limeanza kushuka, vumbi la njia ni jingi, nami nimekwisha kuhesabu kumi mara nyingi sana.